Mbio Alizozikimbia Kamande Amefumba Macho

Kwa nini mtu anayewaacha wenzake wote Jumanne jioni anaachwa na wenzake hao hao Jumamosi mchana, miguu ikiwa ile ile na uji akiwa ameunywa kwenye kikombe kile kile?

Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza kazini, Thika, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Kampala na digrii yangu mpya, na nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu kuanzia Mungu hadi bei ya sukari, lakini hilo lilinishinda. Nikamjibu aliyeniuliza kwa swali jingine: je, ana hakika saa yake ya kupimia mbio ni nzima? Hakufurahi. Tulianza hivyo, na tuliendelea hivyo.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi makocha na maofisa wa michezo mnaobaki mmeniomba niandike machache. Ya vyeo na mishahara nayaruka, hayajawahi kumfundisha mtu kukimbia. Ninaandika kwa sababu katika semina ya mwisho niliyohudhuria, kijana mmoja mwenye suti ya michezo inayong'aa alituwekea kaseti yenye sauti ya maji yanayotiririka, akatuambia tufumbe macho na kujiona tumesimama mahali pa washindi tukivalishwa medali. Wote mkafumba. Mimi nilibaki nimekodoa macho, nimeuma meno, kwa sababu dawa hiyo niliwahi kuiona ikinyweshwa watu kwa nguvu.

Kiwanda chetu kilitengeneza magunia ya mkonge. Mavumbi ya mkonge yaliingia puani, kwenye chai na kwenye nywele, na hadi leo nikipiga chafya naikumbuka Thika. Mkubwa wangu, ndiye yule aliyeniuliza lile swali, alikuwa Mzungu aliyeitwa Bwana Hallam, meneja wa ustawi wa wafanyakazi. Alitarajia kwamba mwanamke msomi angewafundisha wake za wafanyakazi kufuma vitambaa vya meza. Nilipomwambia sijui kufuma, aliniuliza kama najua riadha. Nikamwambia hiyo pia siijui, ila naweza kujifunza lolote lisilohitaji sindano. Ndivyo nilivyopewa michezo.

Kila mwaka viwanda vya Thika vilishindana na mashamba ya kahawa ya Ruiru, mwaka mmoja kwetu, mwaka unaofuata kwao. Tumaini letu katika mbio za maili moja lilikuwa Kamande, kijana mwembamba aliyehudumia mashine ya kuchana nyuzi. Yeye ndiye mtu wa lile swali la Jumanne na Jumamosi. Jioni, kazi ikiisha, alikimbia peku kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Gatuanyaga, na kila mara ilibidi avae fulana yenye namba kubwa na kuwa na barua ya kiwanda mfukoni. Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni. Mkikuyu aliyeonekana akikimbia peke yake barabarani alikuwa akijitafutia risasi, na mwenye bunduki hakuuliza kwanza kama ni mazoezi.

Sasa nifike kwenye kijitabu. Dada yake Bwana Hallam alimtumia kutoka kwao kijitabu kilichosema kwamba ushindi huanzia mdomoni. Mtu akiutangaza ushindi wake kwa sauti mbele ya watu, mwili hauna budi kutii. Bwana Hallam alikiamini kama wengine wanavyoamini Injili. Kila Ijumaa kabla ya mashindano aliipanga timu uani, akaweka kreti chini, na kila mmoja akapanda juu yake na kupaza sauti kwa lugha ya nyumbani kwao kwamba kesho atashinda. Wengine wakapiga makofi. Wafanyakazi walimpa jina la Bwana Nitashinda, na hakuwahi kulijua.

Mimi ni Mkikuyu, na wengi wa timu ile pia. Kwetu mtu hatangazi kitu ambacho hakijaingia mkononi. Ng'ombe akiwa na mimba husemi atazaa ndama jike, na ukimsifu mtoto kwa unene unajitemea mate kidogo kifuani ili maneno yako yasimdhuru. Basi wale wanaume walipanda kreti, wakasema walichoamriwa, kisha kila mmoja akainamisha kidevu na kujitemea mate kifuani, taratibu, kama mtu anayefunga kifungo. Bwana Hallam aliona ni utovu wa adabu. Akatangaza kwamba atakayetema mate atatolewa kwenye timu. Kwa hiyo tukawa na timu ya watu waliojilaani Ijumaa alasiri na kukatazwa dawa ya laana.

Nieleweke. Mimi sikuamini kwamba mate huzuia chochote. Sikuamini pia kwamba kelele juu ya kreti huleta chochote. Lakini niliona, na sikuhitaji digrii kuona, kwamba mtu anayedhani amejiharibia hukimbia kama aliyejiharibia, awe kweli amejiharibia au la. Nilimweleza Bwana Hallam hivyo. Akaniuliza kama nimekisoma kijitabu hadi mwisho.

Mwaka wangu wa kwanza mashindano yalikuwa kwetu. Kamande alisimama kwenye mstari wa chokaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Alimaliza wa tano, nyuma ya watu aliowaacha Jumanne akiwa anacheka. Bwana Hallam alivunja penseli vidoleni. "Lakini alisema atashinda," aliniambia, kana kwamba Kamande amevunja mkataba.

Kila mtu kiwandani alikuwa na sababu yake. Iliyopendwa zaidi ilikuwa ya bastola ya kuanzishia mbio: kwamba miaka ile mlio wa risasi ulimfanya Mkikuyu yeyote agande. Ilikuwa sababu nzuri, yenye huzuni ya kutosha, na nusura niikubali. Halafu nikaomba bastola ile ile ipigwe kwenye mazoezi Jumanne kadhaa. Kamande aliondoka kama swara. Sababu nzuri ikafa, na watu waliokuwa wakiipenda wakanikasirikia mimi.

Aliyenisaidia, kwa njia yake ya kuudhi, alikuwa Fundi Harbans, Singasinga aliyesimamia mitambo na ambaye jioni alikuwa kipa wa hoki. Nilikwenda kumtazama akicheza. Kabla ya mchezo alikaa kwenye kiti chake cha turubai pembeni, akafungua kilemba, akakifunga upya polepole, akafuta kinga za miguu kwa kitambaa, ya kushoto kwanza, akafunga mikanda, akainuka. Mechi iwe ya kirafiki au ya fainali, ilikuwa hivyo hivyo, kwa mwendo ule ule. Wenzake walimpigia kelele kwamba waamuzi wanangoja. Hakugeuka.

Nikamuuliza ni sala au ni mazoea. Akasema sala alimaliza asubuhi.

"Sasa hii ni ya nini, Fundi?"

"Mikono ikiwa na kazi, kichwa nakaa chini," alisema. "Wewe kichwa yako hapana kaa chini hata siku moja. Wewe nauliza kama polisi."

Nikamuuliza kwa nini kichwa kinatulia hivyo. Hakujua na hakujali. Msimuone kama mwenye hekima ya ajabu, maana mtu huyo huyo aliamini kwamba kipa lazima ale kitunguu kibichi kabla ya mchezo, na kwamba mpira wa magongo husikia harufu ya woga. Ilibidi nichague mwenyewe lipi la kubeba. Niliacha kitunguu.

Mwaka wa pili, mashindano yakiwa zamu ya Ruiru, likatoka tangazo: wawili wa kwanza katika kila mbio wangekwenda Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, kushindana na watu wa wilaya nyingine. Jioni ile Kamande alinifuata nje ya stoo. Aliniita Mwalimu kama wote walivyoniita, ingawa hadi hapo sikuwa nimemfundisha kitu. Alizungumza akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mwalimu, mimi kikombe sitaki. Mimi nataka ile pasi."

Nikamwambia anieleze vizuri. Mama yake alikuwa upande wa juu wa Fort Hall. Hakuwa amemwona tangu Imajensi ianze. Kwenda huko kulihitaji pasi, yaani kibali cha kusafiria, na kila alipoiomba aliulizwa sababu, akasema mama, akaambiwa arudi kazini. Sasa mtu mmoja aliyetoka huko alikuwa amemletea habari kwamba macho ya mama yanafifia. Alitaka afike wakati mama bado anaweza kumwona. Timu ya michezo ingepewa pasi bila maswali.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo hadi leo haijaisha yote. Kumwona mama haikuwa sababu. Kuzunguka uwanja raundi nne ilikuwa sababu.

Nilikwenda kwa Bwana Hallam nikamwomba aache kreti, angalau mwaka huo, angalau kwa Kamande. Hakuwa mtu mbaya. Ndilo lililonichosha: mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema kwamba Kamande alishindwa kwa sababu alitangaza kwa sauti ndogo. Safari hii, alisema, atangaze mara mbili.

Nikaondoka nikakaa juu ya marobota ya mkonge na kufikiri. Bwana Hallam aliwataka waseme kwa lugha ya kwao ili maneno yaingie moyoni. Lugha ya kwetu yeye hakuijua. Mfasiri wake nilikuwa mimi.

Niliwakusanya Wakikuyu wa timu na kuwaambia kwamba Ijumaa wasiseme watashinda. Kila mmoja aseme kazi atakayoifanya, ile iliyo mikononi mwake mwenyewe, hata wazee wakimsikia wasiwe na la kulaumu. Mrusha mkuki mmoja aliuliza kama na mimi nitajitemea mate kwa kusema uongo. Nikamwambia hayo aniachie.

Ijumaa Kamande alipanda kreti. Akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabohari, "Nitakaa nyuma ya yule dereva wa trekta wa mashamba ya Ruiru. Akienda nitaenda. Kona ya mwisho nitatoka upande wa nje." Akashuka. Hakutema mate, maana hapakuwa na cha kutemea.

"Amesema nini?" Bwana Hallam aliuliza.

"Amesema atashinda," nikamwambia.

"Mbona ni maneno mengi?"

"Amesema mara mbili, bwana, kama ulivyotaka."

Alipiga makofi kuliko wote.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili nilikuwa nimeianza wiki kadhaa kabla, barabara ya Gatuanyaga, nikiiba kwa Fundi Harbans na kuongeza yangu. Kamande alikuja na gunia moja. Kabla ya kila mazoezi alilikunja, akalikalia, akavua shati la kazi na kulikunja pia, akafuta nyayo zake kwa tambara, kidole kwa kidole, halafu akafumba macho. Hapo nilimwambia apite mbio zote kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, kona kwa kona, kwa mwendo wake wa kweli, bila kuruka kipande. Asijione akipewa kikombe. Ajione akiweka mguu. Akipotea, arudi aanze tena. Akimaliza, ainuke.

Mwanzoni alifumbua macho upesi mno, na nilipomuuliza ameona nini akasema giza. Wenzake waliopita walimwuliza kama Mwalimu amemwoa au amemlaza. Siku moja ya vumbi kali, alikaa muda mrefu bila kutikisika, miguu tu ikijongea kidogo, kama ya mbwa anayeota. Alipofumbua, nilimuuliza kama amepita yote. Akasema, "Yote, Mwalimu." Sikuuliza zaidi. Mimi, niliyeuliza kila mtu kila kitu, sikuuliza zaidi. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye giza.

Ruiru palikuwa na joto na harufu ya maganda ya kahawa yanayooza mtoni. Familia za wenye mashamba zilikaa chini ya turubai upande mmoja, wafanyakazi wakasimama juani upande wa pili, na wafanyabiashara Wahindi wa mjini walileta viti vyao wenyewe. Dereva wa trekta, mtu mwenye mapaja kama vinu, aliruka ruka mbele ya mashabiki wake na kumwambia Kamande kwamba akichoka atambeba mgongoni hadi Thika, maana trekta hii haihitaji mafuta. Watu wakacheka. Kamande alikuwa amekaa kwenye gunia anafuta kidole cha mwisho. Akafumba macho. Mwanzishaji alimwita kwa ukali. Nikaenda nikasimama kati yao, nikamuuliza mwanzishaji maswali mengi kuhusu kanuni za mchezo, moja baada ya jingine, hadi Kamande alipoinuka mwenyewe. Ndiyo kazi pekee ambayo ubishi wangu umewahi kuifanya kwa faida ya mtu.

Bastola ikalia. Raundi tatu nzima alikaa nyuma ya dereva wa trekta kama kivuli. Dereva alipoongeza, akaongeza. Mtu mmoja wa kiwanda kingine aliwapita wote wawili, na nilimwona Bwana Hallam akishika kichwa. Kamande hakumfuata. Alikaa pale alipojipangia. Kona ya mwisho akatoka upande wa nje, na hapo nikaacha kutazama, nikatazama vumbi. Kelele ziliponiinua macho alikuwa amempita dereva kwa upana wa kifua. Yule wa kiwanda kingine alikuwa wa kwanza. Kamande wa pili.

Bwana Hallam alikuja kwangu amechanganyikiwa. "Alisema mara mbili kwamba atashinda."

Nikamwambia ameshinda. Akasema wa pili hajashinda. Nikamwacha hapo. Kamande alikuwa amelala chali kwenye majani, Fundi Harbans amemsimamia akimkinga jua kwa mwili wake, na alichouliza tu, pumzi iliporudi, ni pasi zitatoka siku gani.

Zilitoka. Walifika Fort Hall siku moja kabla ya mashindano, na asubuhi yake, kabla ya mbio, Kamande alikwenda kwa mama yake na kurudi. Sikuwepo, nilibaki na timu ya kina mama ya kuvuta kamba. Aliniambia kwamba mama bado alikuwa anaona kidogo. Alimshika uso akamwambia amekonda. Mchana huo Kamande alikimbia maili moja akawa wa mwisho. Bwana Hallam alikisoma kijitabu upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na mimi nikarudi kwenye lile swali langu la siku ya kwanza, nikiwa mjinga kama nilivyoanza. Alikaa kwenye gunia, waliniambia. Alifuta vidole. Alifumba macho. Yote aliyafanya.

Niliiweka siku ile ya Fort Hall pembeni, kama mnavyofanya ninyi na matokeo msiyoyapenda, nikaishika ya Ruiru. Nimefundisha kwayo wakimbiaji, mabondia, wapiga penalti, na wasichana wa netiboli waliotapika kabla ya kila mechi. Fanya jambo dogo kwa mikono. Sema kazi, usiseme kikombe. Pita njia yote kichwani, kona kwa kona. Inafanya kazi mara nyingi kuliko inavyokataa, na zaidi ya hapo sitaapa. Kila nilipofundisha nilitoa mfano wa yule kijana wa magunia aliyeuona uwanja mzima wa Ruiru, na kona zake zote, akiwa amekaa kwenye barabara ya Gatuanyaga.

Mwezi uliopita mlinifanyia chai ya kuniaga, na kati ya wageni alikuwepo mzee mmoja mwembamba kutoka Gatongora ambaye wengi wenu mlidhani ni ndugu yangu. Ndiye Kamande. Ana duka la vyakula sasa. Alinisikiliza nikiusimulia mfano wangu kwa mara ya mwisho, akangoja ninyi mwende kwenye sambusa, akavuta kiti.

"Mwalimu, ule uwanja mimi sikuwahi kuuona nikifumba macho," alisema. "Nilijaribu, ukakataa kuja. Ilikuja njia ya kwetu."

Nikamwambia aendelee. Ilikuwa njia ya kutoka barabara kuu hadi kwa mama yake: mteremko, mto, ua wa miiba wa jirani, kilima kirefu, kisha mlango. Alipita kona kwa kona kama nilivyomwagiza, na kule Ruiru dereva wa trekta alikuwa mtu tu aliyetangulia kwenye njia hiyo. Boma lile, aliniambia, lilikuwa limebomolewa serikali ilipowahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa, kabla mimi sijafika Thika, na yeye alijua. Asubuhi ile ya Fort Hall ilibidi aulize langoni mwa kijiji kipya nyumba ya mama yake ni ipi. Mchana alipokaa kwenye gunia na kufumba macho, njia ya zamani haikuja tena. Ilikuja ile ya kutoka langoni hadi kwenye nyumba mpya, nayo ilikuwa fupi, haikutosha hata raundi moja.